Bwana Shamba Asiye na Lugha

Wahenga walituachia usemi kwamba elimu bila amali ni kama nta bila asali. Usemi huo tunauleta mbele ya wasomaji wetu, walimu na wanafunzi wa Kiswahili, kwa sababu upo mzinga mmoja katika Kampala ambao kwa miaka mingi umekuwa ukitoa nta njema, lakini asali yake haimfikii yule aliyeutundika. Mzinga huo ni masomo ya sayansi ya kilimo katika vyuo vyetu. Aliyeutundika ni mkulima, ambaye kodi yake na jasho lake ndivyo vilivyovijenga vyuo hivyo. Tunakusudia kueleza hapa, bila kumung'unya maneno, kwamba asali haipotei njiani kwa bahati mbaya. Inapotea kwa sababu tumemfundisha mtaalamu kila kitu isipokuwa namna ya kusema na mtu anayemhitaji.

Historia yatutosha kuwa shahidi. Makerere ilifunguliwa mwaka 1922 ikiwa shule ya ufundi, na kilimo kikawa miongoni mwa masomo yake ya zamani. Kati ya mwaka 1963 na 1970, ilipokuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki pamoja na Nairobi na Dar es Salaam, vijana wa nchi zote tatu walikipanda kilima hicho kuja kusomea shahada ya kilimo. Shamba la chuo lililoko Kabanyolo, kaskazini ya jiji, limewalea wataalamu wasiohesabika. Kawanda na Namulonge ni vituo vya utafiti vyenye sifa iliyovuka mipaka. Bukalasa katika Luweero na Arapai karibu na Soroti vimewatoa maafisa wa kilimo kizazi baada ya kizazi. Hatusemi, basi, kwamba Uganda haina elimu ya kilimo. Twasema kwamba elimu hiyo imewekwa ghalani, ghala likafungwa, na ufunguo wake ni lugha.

Tazameni safari ya mwanafunzi. Kwa miaka minne anafundishwa habari za udongo, wadudu, magonjwa ya mimea, mifugo, na hesabu za mapato ya shamba. Anafundishwa yote kwa Kiingereza, anaulizwa kwa Kiingereza, na anajibu kwa Kiingereza. Mwishoni anaandika ripoti ya utafiti, nayo inafungwa kwa jalada zuri na kuwekwa rafuni. Katika muda huo wote hapana mtihani hata mmoja unaomtaka asimame mbele ya mama mwenye migomba mia mbili amweleze, kwa maneno anayoyafahamu mama huyo, kwa nini jani linageuka manjano. Siku anapoajiriwa, hiyo ndiyo inayokuwa kazi yake ya kwanza.

Wako watakaosema kwamba tunalikuza jambo dogo. Na tuutwae mfano mmoja wa kweli. Mwaka 2001 uligunduliwa katika Uganda, upande wa Mukono, ugonjwa wa mnyauko wa migomba uletwao na bakteria, ambao wakulima wa Buganda wanauita kiwotoka. Ugonjwa huu hauna dawa. Ndizi zinaiva kabla ya wakati na kuoza ndani, na shina likikatwa linatoa utomvu wa manjano. Wataalamu walichunguza wakaona kwamba wadudu wanaolitembelea ua lining'inialo chini ya mkungu huibeba bakteria kutoka mgomba hadi mgomba, na kwamba panga la mkulima mwenyewe hufanya kazi hiyo hiyo kwa kasi kubwa zaidi. Kinga yake ni rahisi na haihitaji fedha: ua hilo liondolewe mapema kwa kijiti chenye panda, wala si kwa kisu; na kila chombo kilichokata mgomba mgonjwa kipitishwe motoni kabla ya kuugusa mgomba mwingine.

Sasa fikirini mkulima aliyeambiwa tu, "Kata maua!" Hakuelezwa habari ya mdudu wala ya panga. Naye, kwa kuwa ni mtu wa bidii, anachukua kisu chake kikali na kupita shamba zima asubuhi moja, mgomba baada ya mgomba. Ametii amri, na kwa utiifu wake ameusambaza ugonjwa ambao pengine ulikuwa katika kona moja. Hapo kilichokosekana ni sentensi tatu za maelezo. Amri inaweza kupita katika lugha mbovu ya vidole na makelele, lakini maelezo hayapiti humo. Maelezo yanataka lugha ambayo msemaji na msikilizaji wote wawili wamo ndani yake.

Mkulima wetu, kwa bahati mbaya, amezoea kuamriwa. Pamba ililetwa Uganda mwaka 1903 kwa haja ya viwanda vya Uingereza, na kufikia mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilikuwa imekwisha kutunga sheria ya kuamua mbegu ipi ipandwe na ipi iangamizwe. Amri zilishuka kwa machifu, machifu wakazishusha kwa watu. Uhuru ulikuja mwaka 1962, lakini desturi ya kushusha haikuondoka na bendera ya mkoloni. Hata mwaka 2013, ulipoanzishwa mpango wa kuwatumia wanajeshi katika kuwagawia wakulima miche na mbegu, wengi walihesabu ni miche mingapi imegawiwa, na wachache walihesabu ni maneno mangapi yaliyofuatana nayo. Mche haujielezi wenyewe. Mwenye kuupokea pasipo maelezo huupanda anavyojua, na ukifa yeye ndiye alaumiwaye.

Chanzo cha aibu hii tunakiona mbali zaidi ya chuo. Katika shule za Afrika ya Mashariki vitu viwili vilifanywa adhabu. Cha kwanza ni jembe: mtoto aliyechelewa au aliyepiga kelele alipelekwa kulima. Cha pili ni lugha ya nyumbani: mtoto aliyeinena alivishwa kibao shingoni au alichapwa. Kwa hiyo mtoto alijifunza, kabla hajajifunza jambo lingine lolote, kwamba kulima ni fedheha na kusema lugha ya watu wake ni kosa. Kisha, miaka kumi baadaye, twamchukua mtoto yule yule, twampeleka Kabanyolo, na twashangaa kwamba anaiona shahada yake kuwa ni njia ya kulikimbia shamba na kuwakimbia wanaosema kama mama yake! Hapana la kushangaza. Adhabu zile mbili zimefanya kazi iliyokusudiwa.

Sasa na tuwajibu wapinzani wetu, maana hoja zao twazijua.

Wa kwanza husema kwamba Kiswahili hakina msamiati wa sayansi ya kilimo. Mwenye kusema hivyo hajapata kuusikiliza mdomo wa mkulima wa Mbeya wala wa Bungoma. Samadi, mboji, kitalu, palizi, kupogoa, kupandikiza, kilimo mseto, mmomonyoko wa udongo, kutu ya majani, batobato ya mihogo, viwavijeshi: hayo yote ni maneno yanayofanya kazi kila siku. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilikwisha kuchapisha mwaka 1990 kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Tena baadhi ya istilahi za Kiswahili zinamfundisha msikilizaji hata kabla mwalimu hajafungua kinywa. Mwezi wa Machi mwaka 2021 Kenya iliyazuia kwa muda mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu inayotokana na ukungu wa nafaka. Jina la kitaalamu la sumu hiyo halimwambii mkulima kitu, atalitamka kama atamkavyo jina la dawa ya duka. Bali mwambieni "sumukuvu", na nusu ya somo imekwisha: ipo sumu, nayo yatoka katika kuvu. Kinachobaki ni kumwonyesha jinsi ya kuyakausha mahindi yake juu ya turubai, wala si juu ya udongo mtupu, na kuyahifadhi pakavu.

Wa pili husema kwamba mkulima wa Buganda anasema Kiganda, na wa Acholi anasema Kiacholi, hivyo Kiswahili kitamfaa nani? Hoja hii tunaiheshimu, na jibu letu si la kumshindania mtu. Palipo na Kiganda kinachofahamika kwa wote wawili, na kitumike Kiganda, tena kizuri. Hatukuja kuua lugha ya mtu. Lakini darasa la kilimo katika Kampala linawakusanya Mteso, Mnyankole, Mgisu na Mlugbara, na serikali ikiwaajiri haiwapangii kazi kwa kufuata lugha ya mama. Mnyankole atakayepelekwa Karamoja atasema nini? Na mkulima naye haishi katika lugha moja peke yake. Mnunuzi wa mahindi yake huja kutoka ng'ambo ya Busia na Malaba, wa maharagwe yake huja kutoka Kongo kwa njia ya Mpondwe, na katika masoko ya Owino na Kalerwe wamo wafanyabiashara wa kila upande. Sokoni hapo Kiswahili kimekwisha kufika zamani bila kupelekwa na chuo. Aibu ni kwamba mchuuzi ana lugha ya kumfikia mkulima, na mtaalamu hana. Matokeo yake bei anaijua mchuuzi, na ushauri anautoa mchuuzi.

Wa tatu husema kwamba Kiswahili katika Uganda ni lugha ya kambi za jeshi. Hatuwezi kuyakana majeraha ya watu. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na wengi walikisikia kwanza kikitoka kwa mtu aliyeshika bunduki. Lakini lililotisha lilikuwa bunduki, si sarufi. Hapana njia bora ya kuisafisha lugha na kumbukumbu hiyo kuliko kuisikia ikitoka kwa mtu aliyeshika mche wa kahawa, akisema kwa upole na adabu, "Shikamoo mzee, na tuitazame mizizi hii pamoja."

Wa nne husema kwamba Kiingereza ndicho mkate wa mwanafunzi. Nasi hatusemi kiondolewe. Na asome vitabu vya dunia kwa Kiingereza, na kwa lugha nyingine akiweza. Twasema tu kwamba mkate wake na mkate wa mkulima vinatoka katika shamba moja, na mkulima ni mmoja, walaji ni wengi. Hata Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine kilichoanzishwa mwaka 1984, mafunzo hutolewa kwa Kiingereza. Lakini mhitimu wake anaposhuka kijijini anayo lugha ya kushuka nayo, na anavikuta vijitabu vya kilimo vilivyoandikwa kwa Kiswahili. Mhitimu wa Kampala hushuka mikono mitupu.

Serikali ya Uganda imeyasema mengi mazuri. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na mwezi wa Julai mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliazimia kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Tunalipongeza azimio hilo. Hata hivyo lugha inayofundishwa ili ijibiwe katika karatasi ya mtihani tu, itakufa pamoja na mtihani. Lugha huishi inapopewa kazi. Hapa tunaonyesha kazi iliyo wazi na inayongojea.

Tunataka, kwanza, kwamba hapana mwanafunzi wa kilimo atakayehitimu pasipo kufanya mtihani wa mdomo shambani, mbele ya wakulima wenyewe, kwa Kiswahili au kwa lugha ya mahali hapo, na wakulima hao waulizwe kama wamemfahamu. Pili, kila ripoti ya utafiti ya mwaka wa mwisho ifuatane na kurasa mbili za Kiswahili chepesi, zinazomweleza mkulima kilichogunduliwa na afanye nini. Tatu, walimu wa Kiswahili na walimu wa kilimo walioko Makerere, ambao wanatembea juu ya kilima kimoja, wakae meza moja waandike kijitabu cha istilahi za migomba, kahawa, mihogo na mahindi, pamoja na majina ya Kiganda, Kiteso, Kiacholi na Kinyankole kando yake. Nne, na hili ni letu sote tulio mashuleni: jembe liondolewe katika orodha ya adhabu. Badala yake somo la Kiswahili litoke darasani mara moja kwa juma liende bustanini, mtoto aijue tofauti ya kupanda na kupandikiza akiwa ameshika mche mkononi.

Wako wenzetu watakaonung'unika kwamba kazi yetu ni ushairi, ngeli na fasihi, wala si samadi. Twawauliza: mashairi tunayoyapenda yalipata wapi mvua, mbegu na mavuno yake, kama si kwa watu waliolima na kunena? Lugha inayoona haya kuingia shambani haitapata nguvu ya kuingia maktabani. Msimu wa mvua za vuli utakapoanza, wanafunzi wa Kabanyolo watakwenda tena mashambani kwa mazoezi. Walimu wa Kiswahili wa Kampala wasingoje waraka wa wizara. Waende nao, wakiwa na daftari na kalamu, na waanze na mgomba wa kwanza watakaoukuta njiani.