Mgongo Hauumi Peke Yake

Fika alfajiri mahali maziwa ya ngamia yanapokusanywa hapa Isiolo kabla ya safari ya Nairobi. Utawakuta akina mama wakipandisha mitungi ya lita 20 kwenye magari yanayoelekea Eastleigh. Waulize habari ya mgongo. Watakujibu kwamba unauma, lakini ni kazi tu. Kijana wa machimbo ya mawe atasema hivyo hivyo. Mzee aliyetoka Merti atasema ni uzee tu.

Neno hilo "tu" linatuangamiza. Ndilo linalompeleka mtu duka la dawa kununua diklofenaki leo, wiki ijayo, na mwezi ujao, bila mtu yeyote kumpima. Dawa hiyo ikimezwa siku nenda siku rudi huchubua tumbo hadi likafanya vidonda, hupandisha presha na huumiza figo, hasa za mtu anayeshinda juani bila maji ya kutosha. Wapo wanaoamini kwamba kila mgongo unaouma ni figo. Hao nao humeza dawa hiyo hiyo, wakiziumiza figo wanazodhani wanazitibu.

Mzigo mzito unaumiza mgongo, sikatai. Ninachokataa ni kuuchukulia mgongo kama kipande kilichojitenga na mwili mzima, tena katika kaunti ya wafugaji. Hapa tuna brusela. Mdudu wake hukaa ndani ya ng'ombe, mbuzi na ngamia, na humfikia mtu kwa maziwa mabichi au mikono inayomzalisha mnyama. Akishaingia mwilini hupenda kujificha kwenye uti wa mgongo wa chini na pale nyonga inapoungana nao. Mtu hupata homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku, uchovu, na mgongo usiotulia. Homa huitwa malaria, mgongo huitwa kazi, na ugonjwa wenyewe hauitwi jina lake. Tiba ipo: dawa mbili au zaidi kwa pamoja, wiki 6 au zaidi, na ukishaingia kwenye uti wa mgongo hufika miezi mitatu. Kinga ni kuyachemsha maziwa. Najua wengi wetu tumelelewa na ladha ya maziwa mabichi yenye harufu ya moshi wa chombo, nami naipenda, lakini moshi huo hauwezi kazi ya moto.

Kifua kikuu nacho hushuka kwenye mifupa, na mfupa kinaoushika zaidi ni uti wa mgongo. Mtu anakonda, anatoka jasho usiku, mgongo unaanza kupinda, na sisi tunamsugua mafuta. Miguu ikifa ganzi au mkojo ukianza kutoka bila hiari, hapo si suala la kusubiri hadi kesho.

Wengi hawana brusela wala kifua kikuu. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya mgongo wa chini, na kwa takriban tisa kati ya kumi hakuna ugonjwa mmoja unaoweza kuonyeshwa kwa kidole. Basi turudi kwenye "tu"? Hapana. Maumivu ya hao yanashikana na usingizi mbovu, sigara, unene, woga wa kujongea, na huzuni. Ndiyo maana mwongozo wa shirika hilo wa mwaka 2023 unasisitiza mazoezi, elimu na kushughulikia akili pamoja na mwili, na hauungi mkono ile mikanda ya kiunoni tunayouziwa. Kulala kitandani wiki nzima nako hudhoofisha misuli inayoushikilia mgongo.

Kaskazini hii ilikosa mvua misimu mitano mfululizo, tangu mwishoni mwa 2020. Mtu aliyezika mifugo yake yote halafu akakosa usingizi miaka miwili, mgongo wake hauwezi kuelezwa kwa picha ya eksirei peke yake.

Kwa hiyo mama wa mitungi akimfikia daktari, asiandikiwe vidonge kabla hajaulizwa. Maziwa ya nyumbani yanachemshwa? Usiku shuka linalowa jasho? Nguo zimeanza kukupwaya? Unalala saa ngapi? Na baada ya ule ukame, ulibakiwa na ngamia wangapi?