Ndoa Imefungwa Chanzuru, Inahojiwa Kaunta

Sisi wa Chanzuru, Kilosa, tumeulizana hili kijiweni mpaka tumechoka. Mtoto wetu akishaoa au kuolewa na mtu wa nje, mahari ikatoka, cheti kikapatikana, viza ikaombwa na ikagongwa, huyu wa kaunta ya ndege anayemwambia "hebu simama pembeni" ni nani tena katika ndoa hiyo?

Maana karatasi zinaanza mbali. Cheti cha kuzaliwa, namba ya NIDA, barua ya mtendaji, pasipoti ya shilingi 150,000. Na sisi ndio watu wa Kilosa tuliopigwa na mafuriko mwishoni mwa 2009. Mwenye karatasi za zamani ndani ya sanduku ashukuru. Ndoa ya mila inatambuliwa na Sheria ya Ndoa ya 1971, lakini peleka ndoa ya mila ubalozini uone. Wanataka picha, wanataka meseji za WhatsApp, wanataka risiti za pesa mlizotumiana. Wazee waliokula pilau na kushuhudia mahari ikihesabiwa, hao si ushahidi.

Uingereza ndiyo imetushinda kabisa. Tangu Aprili 2024, aliye kule lazima awe na kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka ndipo amwite mwenzake. Zamani ilikuwa 18,600. Hizo 29,000 zinakaribia shilingi milioni 100! Juu yake kuna ada ya matibabu, pauni 1,035 kwa kila mwaka wa viza, unailipa yote kwa mkupuo kabla hujakohoa. Na kukohoa kwenyewe wanakupima, kwani bila cheti cha kifua kikuu huendi.

Ujerumani nayo, tangu 2007, inamtaka mwenza afaulu kwanza mtihani wa Kijerumani cha mwanzo. Kwa hiyo kijana aache shamba, akapange chumba Dar, asome. Mjapani na Mmarekani hawadaiwi mtihani huo. Tena kijana huyo huyo angemuoa Mfaransa anayeishi Berlin, asingedaiwa hata salamu ya Kijerumani. Mjerumani kwao ana haki ndogo kuliko mgeni wake! (Nasi tusijifanye malaika: sheria yetu ya uraia ya 1995 inamruhusu mke mgeni kuomba uraia kupitia mumewe Mtanzania, mume mgeni wa binti yetu haimpi njia hiyo.)

Haya, tuseme yote umeyamaliza. Umepanda treni ya SGR Kilosa, umefika Dar mapema, uko uwanjani na viza yako. Mfanyakazi wa shirika la ndege anaangalia kompyuta, anaiangalia pasipoti, anaiangalia tena kompyuta, anampigia simu mtu tusiyemjua. Anaogopa faini. Uingereza iliitungia sheria mwaka 1987, Umoja wa Ulaya ukafuata 2001: shirika likimbeba abiria asiye na hati sahihi, linatozwa maelfu kwa kila kichwa. Likimwacha mwenye haki yake, hasara ni ya nani? Ya aliyeachwa. Kwa hesabu hiyo hata sisi tungezuia.

Na si woga wa bure. Shirika la Ryanair lilimfikisha Budapest abiria raia wa Ukraine mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu ya Uingereza, aliyoipata kwa kuwa mwanafamilia wa raia wa Umoja wa Ulaya. Hungary ikalitoza shirika euro 3,000. Juni 2020 Mahakama ya Umoja wa Ulaya ikasema kadi ile ilitosha, viza haikuhitajika. Kama shirika kubwa linatozwa kwa kumbeba mtu halali, nani wa zamu ya usiku atajitosa kwa ajili ya mke wa mtu kutoka Chanzuru?

Basi anayezuia aandike. Kifungu gani, nani kaamua, saa ngapi, na tiketi inarudishwa na nani. Sisi tumedaiwa karatasi kuanzia ofisi ya kata. Nasi tunawadai hiyo moja.