Mwezi bila samaki, na niko Homa Bay

Wasee, mwezi mzima nimekula mimea tupu, na hakuna cha pakiti. Dana alidhani naumwa.

Hizo stori za maziwa ya lozi wachieni Nairobi. Huku kuna nyoyo, mahindi na maharagwe sufuria moja, inakushikilia hadi jioni. Kuna viazi vitamu vya Kabondo, kuna njugu, kuna apoth. Shida ni osuga na dek, kwetu hulazwa na maziwa ndio uchungu upungue. Nikasaga njugu nikaweka badala yake. Dana aliongeza sahani, na bado anasema mboga bila maziwa ni ya shida. Hapo ndipo tunakosana. Nani alituambia mboga ni umaskini?

Mazoezi ni kupanda mlima Asego asubuhi. Beshte yangu wa Migori anaruka kamba nyuma ya nyumba. Jimu ni bure.

Lakini kitu mainfluensa wanaruka: vitamini B12 haiko kwa mimea. Ukikaa miaka bila omena, mayai wala maziwa, damu na neva zitaumia, kwa hivyo tembe zake ziwe kwa bajeti. Mwenye mimba aulize kliniki kwanza.

Mimi omena narudia Jumamosi. Nyoyo haitoki.