Nikeli ni Yetu, Kauri Je?

Wananchi wa Bumbire, Goziba na visiwa vingine vya Muleba wanaijua thamani ya mwanga. Mvuvi wa dagaa hutegemea taa usiku, na mama mjamzito hachagui saa ya kujifungua. Jua tunalo. Linalotakiwa ni chombo cha kuutunza umeme wake hadi usiku.

Chombo kimojawapo ni betri ya sodiamu na kloridi ya nikeli, iliyobuniwa Pretoria, Afrika Kusini, na kundi la Johan Coetzer katika miaka ya 1980. Hutengenezwa kwa chumvi ya kawaida, nikeli, na bomba la kauri litokanalo na oksidi ya alumini. Kauri hiyo ni bawabu: huziruhusu chembe za sodiamu zenye chaji kupita, lakini huuzuia umeme usikatize humo ndani. Hufanya kazi hiyo vyema ikiwa na joto la karibu nyuzi 300 za Selsiasi. Betri ikipoa, vilivyomo huganda, nayo hulala mpaka ipashwe tena. Kwa hiyo haifai kwa taa ya mtumbwi. Yafaa kituo cha umeme kinachotumika kila siku.

Nikeli ipo Kabanga, wilayani Ngara, humu humu mkoani mwetu, na mkataba wa Januari 2021 uliipa Serikali hisa ya asilimia 16. Chumvi ipo Uvinza. Tulichopungukiwa ni kauri, yaani ujuzi. Bila ujuzi huo tutauza madini na kuinunua betri kwa bei ya wengine.

Wala moto na udongo si mambo mageni kwetu. Huko Kemondo, upande huu huu wa ziwa tulipo sisi wa Kagondo, wachimbuzi wa mambo ya kale walikuta mabaki ya matanuru ya chuma ya yapata miaka 2,000 iliyopita. Wazee wale walijua udongo upi huhimili moto.

Hatuna budi kuwaambia viongozi wazi. Betri za visiwani zisichaguliwe kwa bei ya dukani peke yake, bali kwa miaka zitakayodumu na fundi atakayezihudumia. Na vyuo vyetu vya ufundi vianze kufundisha kazi ya kauri sasa, kabla shehena za nikeli hazijaondoka Ngara.