Tiba ya Mionzi Isiwe ya Mwenye Nauli

Mwananchi wa Mkalama au Ikungi akigunduliwa kuwa na saratani inayohitaji tiba ya mionzi mara nyingi hufunga safari ndefu, kwa mfano kwenda Hospitali ya Bugando, Mwanza, au Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, karibu kilomita 700 kutoka Singida mjini. Huko Ocean Road hukutana na ndugu yake wa Pemba aliyevuka bahari kwa haja hiyo hiyo. Mmoja wa bara, mwingine wa visiwani. Dhiki yao ni moja.

Tiba hii si ya siku moja. Mara nyingi mgonjwa hupigwa mionzi Jumatatu hadi Ijumaa kwa majuma kadhaa. Hivyo, hata anaposamehewa gharama za matibabu, hubaki na mzigo wa nauli, malazi na chakula, chake na cha anayemuuguza. Mkulima wa alizeti huuza ng'ombe. Asiye na ng'ombe hurudi nyumbani, na saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ikiwahiwa hutibika, humwua mama wa watoto.

Tunatambua kwamba mitambo ya mionzi ni ghali na yadai wataalamu. Lakini nyumba ya kufikia wagonjwa na fungu la nauli si mambo ya kungojea wafadhili. Tunazitaka halmashauri zetu, pamoja na viongozi wenzetu wa Unguja na Pemba, ziyatengee fedha katika bajeti ijayo. Usawa wa binadamu tunaouhubiri majukwaani hupimwa hapo.