Samaki wa Vitshumbi, kuni za Kanyaruchinya

Kwenye barabara ya Rutshuru, pale Kanyaruchinya, samaki na makala hupita njia moja kuelekea Goma. Samaki wa Ziwa Edward na sehemu kubwa ya makala hutoka mbuga moja, Virunga. Samaki waweza kuvuliwa kwa ruhusa ya sheria. Makala ya mbuga yamekatazwa kabisa. Lakini mama mwenye sufuria anahitaji vyote viwili jioni ileile.

Virunga ilianzishwa mwaka 1925, na tangu 1979 ni urithi wa dunia. Wengi hudhani kwamba mbuga maana yake ni mahali ambapo mwananchi haruhusiwi kukanyaga. Si kweli. Ndani ya Virunga kuna vijiji vitatu vya wavuvi vinavyotambuliwa: Vitshumbi, Kyavinyonge na Nyakakoma. Ruhusa yao ina masharti: idadi ya mitumbwi ina kikomo, nyavu za matundu madogo zimekatazwa, na sehemu samaki wanapozalia haziguswi.

Masharti hayo yalipovunjwa, wa kwanza kuumia alikuwa mvuvi mwenyewe. Miaka ya vita, watu wenye silaha waliua viboko kwa nyama na meno. Miaka ya 1970 viboko wa Virunga walizidi 20,000; mwaka 2005 hawakufika 1,000. Mavi ya kiboko hurutubisha maji, na maji hayo hulisha samaki. Juu ya hayo, vijiji visivyo na ruhusa viliongezeka ufukweni, na nyavu ndogo zikavua samaki wachanga. Wavuvi wakaanza kurudi nyumbani na samaki wadogo na wachache.

Kanyaruchinya inapaswa kujifunza hapo. Mwaka 2012, na tena kuanzia 2022, maelfu ya familia zilizokimbia vita Rutshuru na Nyiragongo zilijisitiri hapa, juu ya mawe ya volkano, karibu na mpaka wa mbuga. Walipewa maturubai, na siku nyingine unga. Kuni walijitafutia. Wanawake na wasichana waliingia msituni wakijua hatari: kubakwa, kutozwa pesa na wenye silaha, au kukamatwa na walinzi. Mapema mwaka 2025 kambi zilivunjwa. Maturubai yaliondoka, lakini haja ya kuni ilibaki, iwe kwa familia iliyorudi Kibumba au ile inayolala kwa ndugu mjini.

Walinzi nao wasionewe. Zaidi ya 200 wamekufa wakilinda mbuga hiyo. Msitu ukiisha, mkulima wa Nyiragongo atapoteza mvua na udongo kabla mtalii hajapoteza sokwe wake. Anayesema mbuga ifunguliwe kwa kila mwenye panga anataka makosa ya Ziwa Edward yarudiwe milimani.

Lakini kukataza peke yake hakupiki maharagwe. Umeme wa Matebe ulianza mwaka 2015 na ni jambo jema, ila aliyelala chini ya turubai hana kompteri wala jiko la umeme. Miradi ya kupanda miti ya makala nje ya mbuga ni mizuri pia, ila mti unataka miaka na shamba, na mkimbizi hana hata kimoja.

Kwa hiyo mambo mawili yafanyike. La kwanza, anayegawa chakula kwa waliohama agawe pia cha kupikia: makala yaliyotoka kwenye miti iliyopandwa, pamoja na jiko linalokula makala kidogo. Anayegawa unga bila moto amegawa nusu ya chakula, na nusu iliyobaki inatafutwa msituni.

La pili, wakazi wa vijiji vya mpakani, pamoja na waliohama, wakae meza moja na wasimamizi wa mbuga na kuandikiana: nini kinaruhusiwa, wapi, kwa kiasi gani, na nani atawajibika masharti yakivunjwa. Wavuvi wa Vitshumbi wana ruhusa inayojulikana, hata kama imechezewa mara nyingi. Mama wa Kanyaruchinya hajawahi kuulizwa. Siku atakapoulizwa na jibu lake kuandikwa, atakuwa na sababu ya kuulinda msitu ambao leo anauingia kwa kujificha.