TUFANYE HESABU KABLA YA KUHAMA



Siku hizi mawakala wa kampuni za intaneti na televisheni wanapita katika nyumba zetu kuliko wauza mboga. Huyu amevaa fulana ya rangi hii, yule ya rangi ile, na kila mmoja ana karatasi yenye bei iliyoandikwa kwa herufi kubwa na masharti yaliyoandikwa kwa herufi ndogo kama sisimizi. Wengi wetu tumeulizana: Je, tuhame? Maoni yetu ni haya. Kuhama si kosa, wala kubaki si uaminifu. Lakini mtu asihame kabla ya kufanya hesabu, na hesabu hiyo asiifanye peke yake.

Twasema hivyo kwa sababu sisi wenyewe tulikwisha kuumia. Hapa kwetu nyumba kumi na nne zilihama kwa juma moja na kwenda kwa kampuni ambayo hatutaitaja jina. Tuliambiwa Shs. 2,000/- kwa mwezi. Hatukuambiwa kwamba bei hiyo ni ya miezi mitatu tu, na hatukuuliza. Mwezi wa nne ikawa Shs. 3,200/-. Fundi alipokuja kufunga alitupimia saa nne asubuhi, watu wakiwa kazini na watoto shuleni, na mambo yalikwenda vizuri sana. Ilipofika saa mbili usiku, kila mtu amerudi nyumbani, picha ikasimama kama gari la moshi lililoishiwa mafuta. Kisha tawi la mti likaanguka juu ya waya. Tulikaa siku tisa bila fundi, na siku hizo tisa hatukurudishiwa hata senti moja. Mwenzetu mmoja ana mtoto aliyekuwa akijiandaa kwa mtihani, naye akawa anapelekwa jioni kwa jirani wa mbali ili asome. Mwingine, mke wake huuza nguo kwa simu. Wateja walimwita hawakumpata, wakaenda kwingine. Tulipotaka kurudi tulikotoka, tukaambiwa tulipe tena gharama ya kufungiwa, kwa kuwa tulikwisha kuondoka.

Kosa lilikuwa la nani? Wengi walimlaumu wakala. Sisi hatumlaumu sana. Yeye naye ni mfanya kazi kama sisi, na pengine hana mshahara ila fungu kidogo kwa kila nyumba anayoiandikisha. Kosa kubwa lilikuwa letu. Sisi ambao tunajua vema kwamba mtu haendi kuomba nyongeza ya mshahara peke yake, tulisimama kila mmoja mlangoni pake na kutia sahihi peke yake. Nyumba kumi na nne ni wateja kumi na wanne. Lau tungesema kwa sauti moja, kampuni ingekaa chini kuzungumza nasi.

Kwanza, tujue tunachonunua. Intaneti ya Kenya kwa sehemu kubwa hutoka baharini. Mwaka 2009 nyaya za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa, na mwaka 2010 ikaja EASSy. Kabla ya hapo nchi yetu ilitegemea satelaiti, na gharama ilikuwa kubwa mno. Basi kampuni nyingi zinazogombania wateja mitaani hutegemea nyaya hizo za bahari. Ni kama njia kuu ya reli kutoka Mombasa: mzigo wa tajiri na mzigo wa maskini hupita humo. Mwezi wa Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM ziliharibika, na intaneti ikawa dhaifu katika nchi kadha za Afrika Mashariki. Mtu aliyekasirika siku hiyo akahama alipoteza fedha yake bure, maana ubovu haukuwa wa kampuni yake. Tofauti kubwa ya kampuni na kampuni iko kwenye kipande cha mwisho, yaani njia ndogo inayotoka njia kuu mpaka mlangoni pako, na idadi ya nyumba zinazogawana njia hiyo. Kwa hiyo usimwulize shemeji yako wa mtaa mwingine kama kampuni fulani ni nzuri. Mwulize jirani anayetumia waya uleule utakaoletewa wewe. Mwulize habari za saa mbili usiku, si za saa nne asubuhi.

Pili, tujue kipimo. Mwendo wa intaneti huuzwa kwa megabiti kwa sekunde, lakini ukubwa wa picha au filamu huhesabiwa kwa megabaiti, na megabaiti 1 ni megabiti 8. Mtu akikuuzia megabiti 16, ujue kwamba kwa sekunde moja utapata megabaiti 2, na hiyo ni siku njema. Tena litazame neno "mpaka." Karatasi ikisema "mpaka megabiti 20," haikuahidi 20, imeahidi tu kwamba haitapita 20. Wala usinunue kuliko haja yako. Kampuni ya Netflix yenyewe huagiza kiasi cha megabiti 5 kwa filamu yenye picha safi ya kawaida. Nyumba yenye televisheni moja, mtoto mmoja anayesoma, na simu mbili au tatu, haihitaji mwendo wa hoteli. Pia uliza kama kuna kiasi ambacho ukikipita katika mwezi mmoja mwendo hupunguzwa. Sharti hilo mara nyingi liko katika zile herufi za sisimizi.

Tatu, tuhesabu mwaka mzima, si mwezi mmoja. Tulipokuwa shule ya misheni tulifundishwa habari za mtu aliyetaka kujenga mnara, na jinsi ilivyompasa kukaa chini kwanza ahesabu gharama. Basi tukae chini. Kampuni ya kwanza inataka Shs. 2,000/- kwa miezi mitatu, kisha Shs. 3,200/- kwa miezi tisa, na Shs. 3,000/- za kufunga. Hizo ni 6,000 na 28,800 na 3,000, jumla Shs. 37,800/-. Kampuni ya pili inataka Shs. 2,800/- kila mwezi, na kufunga ni bure. Jumla kwa mwaka Shs. 33,600/-. Ile iliyoonekana rahisi mlangoni imekupita kwa Shs. 4,200/-. Na tena uangalie neno "mwezi." Kampuni nyingi huhesabu siku 30. Ukilipa mara kumi na mbili umepata siku 360, na mwaka una siku 365. Kwa mfanya kazi anayepelekwa safari majuma mawili kwenye njia, siku zinakwisha hata kama nyumba imefungwa na taa imezimwa. Uliza kama unaweza kusimamisha malipo ukiwa safarini.

Nne, televisheni. Tangu mitambo ya zamani ya analogi ilipozimwa mwaka 2015, watu wengi wamedhani kwamba bila kulipa kila mwezi hakuna televisheni. Si kweli. Kuna ving'amuzi vya matangazo ya bure, ambavyo hununuliwa mara moja tu, na televisheni nyingine mpya zina king'amuzi hicho ndani yake. Zinahitaji antena peke yake. Ikiwa nyumbani mnatazama habari na vipindi vya Kenya, kwa nini ulipe kila mwezi? Ikiwa shida yako ni mpira wa Uingereza, basi usiulize idadi ya chaneli. Uliza neno moja tu: michezo ninayoitaka iko katika kifurushi gani, na kifurushi hicho ni bei gani? Chaneli mia moja usizozitazama ni kama mabehewa matupu: unayavuta, unachoma mafuta, na hakuna mzigo.

Tano, vyombo. Sisi wa reli twalijua jambo hili kuliko watu wengine. Reli ya zamani ina upana wa milimita 1,000, na reli ya SGR iliyofunguliwa mwaka 2017 kati ya Mombasa na Nairobi ina milimita 1,435. Behewa la huku haliwezi kupita kule, ni lazima mzigo ushushwe na kupakiwa tena. King'amuzi ni vivyo hivyo. Cha GOtv hakifungui StarTimes, wala cha StarTimes hakifungui GOtv. Kwa hiyo kabla ya kuhama uliza: chombo hiki ni mali yangu au ni cha kuazima? Nikiondoka ninakirudisha? Nikirudi nitatozwa nini? Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Kama una uwezo, uache huduma ya zamani iendelee mwezi mmoja huku unaijaribu mpya. Mwezi huo mmoja ni ghali, lakini kurudi nyuma ni ghali zaidi.

Wengine watasema, haya yote ya nini, kuna Starlink inayotoka mbinguni bila waya. Ni kweli, Starlink ilianza kazi Kenya mwaka 2023, na kwa ndugu zetu walio katika stesheni za mbali ambako waya haujafika, imekuwa msaada. Lakini dishi lake linataka mahali pasipo miti wala paa la jirani, na linakula umeme. Tena hata mbingu hujaa. Mwezi wa Novemba 2024 kampuni hiyo iliacha kuandikisha wateja wapya Nairobi na kaunti za jirani kwa kuwa nafasi ilikuwa imekwisha, na haikuwafungulia tena mpaka mwaka 2025. Hatusemi ni mbaya. Twasema nayo ipimwe kwa mizani ileile.

Tumesikia pia wazee wachache wakiuliza kwa nini jarida la chama lishughulike na intaneti, jambo la anasa, wakati kuna mambo ya mishahara na nyumba. Twawajibu kwa heshima. Leo zamu ya kazi huletwa kwa WhatsApp. Hesabu ya kodi hupelekwa serikalini kwa mtandao kabla ya tarehe 30 Juni kila mwaka. Ukitaka hati ya serikali unaambiwa uende eCitizen. Mtoto huletewa kazi ya shule kwa simu. Kitu ambacho mtu hawezi kufanya kazi wala kusomesha bila hicho si anasa tena. Na shilingi inayotoka mfukoni kwa ujinga haina tofauti na shilingi iliyokatwa katika mshahara. Chama kinachopigania nyongeza ya Shs. 1,000/- kisha kikanyamaza wanachama wake wakipoteza Shs. 4,000/- mlangoni, hakijamaliza kazi yake.

Kuna jambo moja zaidi ambalo ni zito. Katika baadhi ya ploti mwenye nyumba amekubali kampuni moja tu kuingiza waya. Huko mpangaji hana la kulinganisha, anachukua alichopewa. Mtu mmoja akilalamika huambiwa ahame nyumba. Wapangaji ishirini wakiandika barua moja, msimamizi wa ploti huisoma mara mbili. Na tukumbuke kwamba Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata huduma ya ubora unaofaa, na haki ya kuelezwa yale anayopaswa kujua ili anufaike. Kampuni ikikosa kutimiza, tuandike kwake kwanza na tuweke nakala. Isipojibu, twende kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Maneno ya simu hupotea, barua hubaki.

Basi shauri letu ni hili. Kila mtaa wenye wanachama wetu uchague watu wawili wanaojua kuandika vizuri. Waandike karatasi moja yenye maswali sita: bei ya mwaka mzima ni kiasi gani; bei itapanda lini; mwendo wa saa mbili usiku ni upi; waya ukikatika fundi atakuja baada ya siku ngapi, na siku hizo zitafidiwa; chombo ni cha nani; na kuondoka kunagharimu nini. Waipeleke karatasi hiyo kwa kila kampuni inayofika mtaani, nayo ijibu kwa maandishi. Majibu yabandikwe kwenye ubao wa chama, watu wote wayasome. Wakala atakayekataa kuandika jibu lake amekwisha kutujibu.

Baada ya hapo, anayetaka kuhama na ahame, anayetaka kubaki na abaki. Lakini wakihama nyumba kumi na nne, zihame pamoja, kwa mkataba mmoja uliosomwa na wote. Kidole kimoja hakivunji chawa. Tulijifunza hayo kazini. Sasa tuyatumie na nyumbani.

Umoja ni nguvu.